Tulikwenda Kutazama Chumvi



Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliopewa kazi ya kupanga viti na kugawa chai, na kwa hiyo nilisikia maneno ambayo pengine hayakukusudiwa masikio yangu. Mwalimu wetu wa Jiografia alipokwisha kueleza habari za safari ya Bagamoyo, mzee mmoja alisimama kule nyuma, akavua kofia yake, akasema: "Mwalimu, mimi nimeuza mbuzi wawili. Nilidhani mtoto anakwenda kusoma. Sasa naambiwa alikwenda kutazama chumvi. Chumvi si iko Sirari dukani?"

Watu walicheka sana. Mimi nami nilicheka, birika mkononi. Lakini usiku kitandani maneno yale yalinirudia, nikaona kwamba mzee aliuliza swali la haki na hakujibiwa, maana kicheko si jibu. Naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu kwa heshima zote. Baba yangu naye aliuza mbuzi.

Nianze na jambo la kutuaibisha sisi wenyewe. Majuma mawili kabla ya safari mwalimu alituuliza darasani: nani ajua chumvi aliyokula jana ilitoka wapi? Majibu yalikuwa mengi. Wengine walisema Sirari, wengine Kenya, wengine kiwandani, na mmoja akasema kwa mama. Mwenzetu mmoja kutoka upande wa Mugumu alisema kwa uhakika kwamba yatoka Ziwa Magadi, ndani ya hifadhi ya Serengeti. Huyu angalau alikuwa amefikiri, ila maji ya ziwa lile ni ya magadi, wala si chumvi ya kutia mchuzi. Sisi wa Tarime twajivunia dhahabu ya Nyamongo, na wenzetu wa Serengeti wajivunia wanyama ambao watu huvuka bahari kuja kuwatazama. Dhahabu twaijua habari zake ingawa wengi wetu hatujaishika hata siku moja. Chumvi twaishika kila siku, asubuhi na jioni, nasi hatuijui.

Basi tuliondoka, wanafunzi 32 na walimu 3, alfajiri kabla ya jogoo. Sitawachosha wasomaji kwa habari za njia: Lamadi, Bariadi, Shinyanga, Nzega, na usiku tukalala Singida. Ila asubuhi yake, kabla ya kupanda basi, tulikwenda kuliona Ziwa Singidani, ambalo maji yake ni ya chumvi. Kandokando ya maji walisimama heroe, ndege wale wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Mwalimu alituambia tuwaweke moyoni ndege wale, kwani tutawahitaji mbele. Kisha tukapita Manyoni, Dodoma, Morogoro na Chalinze, tukakata kaskazini mpaka Msata, na kutoka pale tukateremka Bagamoyo tukiwa hoi.

Mashamba ya chumvi tuliyokwenda kuyaona yako Nunge, kaskazini ya mji, kwenye nchi tambarare ielekeayo mdomo wa mto Ruvu. Ukiyaona kwa mbali utadhani ni majaruba ya mpunga kama yale ya Usukumani. Naam, hata pwani huyaita majaruba. Ni viwanja vya udongo vilivyozungushiwa matuta madogo, kimoja baada ya kingine, vingine vikiwa na maji ya kijani, vingine ya rangi ya chai, na vile vya mwisho vikiwa vyeupe kiasi cha kuumiza macho. Mtu wa kwetu akiona weupe ule juani, fikira ya kwanza ni kwamba mtu amemwaga unga.

Aliyetupokea ni mzee mmoja mwenyeji wa pale, ambaye babake naye alifanya kazi hiyo hiyo, na babu yake vilevile. Alitueleza pole pole, kama mtu azungumzaye na wajukuu. Bahari hujaa na kupwa kila siku, lakini haijai kwa kiasi kimoja. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji hupanda kupita kawaida, na siku za maji mafu hayafiki mbali. Mfanya chumvi huingojea bamvua. Maji yanapopanda hufungua mlango wa mbao, bahari ikaingia katika bwawa la kwanza, kisha hufunga. Tangu hapo kazi ni ya jua na upepo, na binadamu ni kuhamisha maji tu kutoka jaruba hata jaruba kadiri yanavyokuwa mazito.

"Kuhamisha maji tu," lakini hapo ndipo ujuzi ulipo. Katika lita moja ya maji ya bahari mna kiasi cha gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali, na si zote ni chumvi ya kula. Maji yanapopungua hata kubaki kama sehemu moja ya tano, huanza kutua jasi, ambayo ni kama chokaa na haifai mdomoni. Yakibaki kama sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe huanza kuganda, kwanza kama utando mwembamba juu ya maji, halafu chembe zenye pembe nne huzama chini. Mwishoni hubaki maji machungu, yenye magnesi nyingi, ambayo lazima yamwagwe kabla hayajaiharibu chumvi. Kwa hiyo ukihamisha maji mapema mno wapata chumvi na maji mengi, ukichelewa wapata chumvi chungu. Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa amekwisha kutufundisha jambo hili ubaoni, na wengi wetu tulikuwa tumelikariri kwa ajili ya mtihani. Mzee yule, ambaye hakutuficha kwamba hakupita darasa la nne, alichovya kidole katika jaruba, akaonja, akasema, "Hii bado siku tatu." Mwenzetu mmoja akanong'ona kwamba sasa ndiyo ameielewa ile sura ya kitabu.

Kisha tulipewa kazi. Tulivua viatu, tukashika reki za mbao, tukakokota chumvi mpaka kando, wengine wakajaza karai na kupeleka kwenye chungu. Baada ya nusu saa hapana aliyetamani kucheka. Jua hukupiga kutoka juu, na weupe hukupiga kutoka chini. Mwenye mchubuko mdogo mguuni aliukumbuka. Mzee alituonyesha nyayo zake, zilizopasuka kama udongo wa kiangazi. Hutumika hivyo wakati wote wa jua, na mvua za masika zikija kazi husimama, kwani mvua ya usiku mmoja yaweza kuyeyusha kazi ya majuma. Walipotutajia bei ya gunia pale shambani, tulidhani tumesikia vibaya. Nawaomba wazazi wetu ambao ni wafugaji wafikirie: ng'ombe akinyeshewa huloa tu, kesho yuko zizini. Mali ya mtu wa chumvi ikinyeshewa hurudi baharini.

Jioni tulipumzika mjini, tukatembezwa mahali pa historia. Kila mtu ajua kwamba Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji, na kwamba mwaka 1874 mwili wa Livingstone uliletwa hapo ukiwa umechukuliwa na watu wake kutoka bara. Lakini kwa kuwa vichwa vyetu vilikuwa vimejaa chumvi, mwalimu alitueleza jambo ambalo sikulijua. Njiani kabla ya kufika Ujiji iko Uvinza, ambako chumvi hutoka katika chemchemi za ardhini, na zamani ilichemshwa vyunguni. Burton alipita huko mwaka 1858 akaandika habari zake, na wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mwaka 1967 waligundua kwamba watu walichemsha chumvi Uvinza tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Maana yake ni kwamba kabla ya bunduki na pembe za ndovu, kabla ya Mwarabu na Mzungu kufika huko, palikuwa na biashara bara, na bidhaa yake mojawapo kubwa ilikuwa hii hii ambayo sisi twaiona duni. Hata neno munyu, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa chumvi, lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu mpaka huku kwetu. Wazee wa kale walikuwa na jina lake pote walipokwenda, kwa sababu hapana walipokwenda wasiihitaji.

Wala si binadamu peke yake. Wenzetu wa Serengeti wajua kwamba nyumbu wakati wa mvua huenda kwenye nyanda za kusini zenye majani mafupi. Sababu moja ni kwamba udongo wa kule ulitokana na majivu ya volkano, na majani yake yana madini ambayo mama mwenye ndama ayahitaji. Kundi la nyumbu zaidi ya milioni husafiri kwa sababu hiyo, na hatujasikia mtu akiwauliza kwa nini hawakununua Sirari. (Mzee wangu anisamehe, huu ni utani tu.) Na wale heroe wa Singida tuliwakuta Nunge pia, wakiinamisha shingo na kuchuja maji ya majaruba kwa midomo yao iliyopinda. Hao ni ndugu wa wale wa Ziwa Magadi na Ziwa Natron. Ndege haoni mpaka baina ya pwani na bara, yeye huona maji ya chumvi tu.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Tulipelekwa kwenye mikoko, baina ya majaruba na bahari. Mimi nilidhani mikoko ni mti mmoja, kumbe ni jamaa nzima: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi. Tuliambiwa tulambe jani la mchu. Tulilamba kwa mashaka, na lilikuwa na chumvi, kwa sababu mti ule hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwa majani yake. Chini ya miti matope yalijaa kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wakilipunga kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto, na samaki wadogo waliotoka majini wakaparamia mizizi kama mijusi. Mzee alituambia kwamba kamba na samaki wengi huanza maisha yao humo.

Sasa hapa pana ugomvi, na yafaa tuujue. Nyuma ya mikoko, mahali pengi pwani, pana uwanda mtupu wa chumvi ambao haumei kitu. Hapo ndipo pafaapo majaruba. Lakini mtu mwenye haraka huona kwamba kukata mikoko iliyo karibu na maji ni rahisi zaidi, na yuko pia anayeikata kuni za kuchemshia chumvi. Mikoko ya Tanzania ni misitu ya hifadhi ya serikali, haikatwi bila ruhusa, na bado hukatwa. Aliyekata hufikiri amepata shamba, lakini udongo wa mikoko ukikauka hugeuka kuwa na asidi kali, na mara nyingi hana chumvi njema wala hana samaki tena. Huko Magarini, karibu na Malindi, Kenya, ambako mashamba ya chumvi ni makubwa sana, wenyeji walilalamika kuhusu ardhi yao, maji yao ya kunywa na mikoko yao, hata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikafanya uchunguzi wa hadhara na kutoa taarifa mwaka 2006.

Wasomaji watauliza: yatuhusu nini sisi wa milimani? Nasema yatuhusu, kwa sababu chumvi haipikwi kwa ajili ya samaki. Hupikwa kwa ajili yetu. Sisi tusio na bahari ndio tunaosimama dukani na kusema, "Nipe ile ya bei rahisi," na neno hilo husafiri mpaka pwani, likafika kwa mtu mwenye shoka.

Na liko neno jingine, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Shambani pale palikuwa na chungu mbili za chumvi. Kando ya moja alisimama kijana mwenye bomba la mgongoni, kama lile la kunyunyizia dawa ya pamba, akinyunyiza huku mwenzake akigeuza kwa beleshi. Alikuwa akitia madini joto, yaani iodini. Tukauliza, je, chumvi ya bahari haina iodini tayari? Wengi tulidhani inayo tele. Kumbe iliyomo ni kidogo mno, haifai kutegemewa. Chungu ya pili haikuwa imenyunyizwa. Hiyo, tuliambiwa, ni ya mifugo na ya ngozi.

Nilisimama mbele ya chungu ile ya pili nikaitambua. Chumvi ya namna ile, ya chembe kubwa, ndiyo tunayoinunua nyumbani kwa kopo, kutoka gunia lililo wazi sokoni. Baba huinunua kwa ajili ya ng'ombe, na mama huchota humo humo kwa ajili ya mboga, kwani kwa nini kununua mara mbili?

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, mkubwa kama embe. Nilipokuwa mdogo nilidhani bibi wote huwa nao. Baadhi ya majirani walisema amerogwa, na wengine walimtaja kwa jina aliyemroga, mama mmoja ambaye mpaka alipokufa hakualikwa katika arusi ya kwetu hata moja. Sasa nimejifunza kwamba mwili wa mtu mzima wahitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, kiasi ambacho katika maisha yote hakijazi kijiko cha chai. Nimejifunza kwamba katika nchi za milima na mvua nyingi maji huiosha iodini kutoka udongoni, ikakosekana katika mazao. Upungufu wake hauishii shingoni, kwa maana mama mja mzito akiikosa sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, na hapana shule itakayomponya. Serikali yetu iliagiza tangu miaka ya 1990 kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Lakini amri haiingii chunguni yenyewe. Sisemi kwamba najua kwa hakika ugonjwa wa bibi ulitokana na nini, maana hakupimwa. Nasema yule mama jirani aliadhibiwa miaka yote ile bila mtu hata mmoja kufikiria kuitazama chumvi.

Hilo ndilo tulilokwenda kutazama, mzee wangu.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba mzee alikosea katika kila jambo. Katika moja alikuwa na haki kabisa, nalo ni mbuzi. Katika darasa letu walibaki wenzetu wengi ambao wazazi wao hawakuwa na cha kuuza, na miongoni mwao wako wanaotushinda sote katika Kemia. Safari ambayo huchagua watu kwa zizi la baba zao ina kasoro. Shule yetu ina shamba la mahindi na migomba, na kila mwaka mazao yanayozidi chakula cha bweni huuzwa. Naona yafaa sehemu ya fedha hiyo iwekwe kando kwa safari, na sisi tulime zaidi kidogo. Kulima twajua. Na wakiona Bagamoyo ni mbali mno kwa kila mwaka, basi iwe mwaka mmoja Bagamoyo na mwaka mwingine Ziwa Magadi la Serengeti, mradi wanafunzi waonje kitu kwa ulimi wao wenyewe kabla ya kukiandika katika mtihani.

Juu ya jiko la shule nasema kwa ufupi. Tuliporudi, kwa ruhusa ya mwalimu wa Kemia, Chama cha Jiografia kilipima chumvi maabarani. Kazi ni nyepesi: unaweka chumvi kidogo katika kisahani, unatia maji ya wanga wa muhogo yaliyochanganywa na iodaidi ya potasiamu, kisha matone ya asidi hafifu. Ikiwa ina madini joto hugeuka buluu mara moja. Tulipima chumvi nne. Ya jiko la shule iligeuka buluu, nampongeza mpishi wetu. Za maduka mawili, za pakiti, ziligeuka buluu pia, ingawa moja ilikuwa hafifu, labda kwa kukaa sana juani bila kifuniko. Ya nne ilikuwa imetoka nyumbani kwetu, katika lile kopo. Tulingoja. Mwenzangu akatia matone mengine. Ilibaki nyeupe kama ilivyokuwa.

Nilipokwenda likizo nilimweleza mama jambo hili, naye akamweleza baba. Baba alinyamaza kitambo, akauliza kama ng'ombe nao hupata rovu. Sikuwa na hakika, nikamwambia nitamwuliza mwalimu. Sasa nyumbani mna makopo mawili, la mifugo limefungwa uzi mwekundu.

Chama chetu kitaendelea kupima muhula huu. Mzazi au mwanafunzi yeyote apendaye kujua chumvi ya kwao na alete kijiko kimoja tu, katika karatasi kavu, pamoja na jina la mahali iliponunuliwa, siku ya Alhamisi baada ya vipindi, maabara ya Kemia. Hatutozi kitu.